Ukiandika tangazo la watu wote, andika wakuelewe

Juzi nimesimama kwa geti ya kituo kimoja cha afya huku Bombo, Uganda, nikasoma tangazo mara tatu: "Wazazi wote wanajulishwa ya kwamba zoezi la utoaji wa chanjo dhidi ya ugonjwa wa surua litatekelezwa..." siku yenyewe iko chini kabisa kwa kona. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza, sasa hapo wanasema nilete mtoto ama ningoje? Na huyo mama anasoma vizuri tu. Kosa ni la aliyeandika.

Kwa hiyo ukipewa kazi kama hiyo, iwe ya afya, ya maji ama ya LC1 (baraza la kijiji), anza na kile mtu anatakiwa kufanya. "Leta mtoto aliyefika miezi 9 apate sindano ya surua. Ni bure. Beba kadi yake." Basi. Hiyo "bure" usiifiche, mtu akidhani kuna pesa hatoki nyumbani. Mambo ya nani ameandaa na nani amefadhili yaende chini.

Maneno tumia yale watu wanaongea. Katiba imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005, sawa, lakini kwa wengi hapa ni lugha ya tatu, wamekiokota sokoni ama kambini kwa jeshi, "litatekelezwa" hawajawahi kulisikia. Surua yenyewe wengi wanaijua kwa Luganda kama olukusense, andika yote mawili, hakuna ubaya.

Alafu siku, hapa ndipo watu wanapotea sana na waandishi wengi hawajui. Sisi kwa Kiswahili tunahesabu kuanzia Jumamosi, kwa hiyo Jumatano ni ile ya katikati ya wiki, lakini mtu wa Luganda siku yake ya tano, Lwakutaano, ni Ijumaa! Akisikia hiyo "tano" anakuja siku mbili baadaye na dawa zimeshaondoka. Jumatatu pia ni hivohivo, Lwakusatu yao ni Jumatano yetu. Kila siku unayoandika iwekee tarehe. Saa haina shida sana kwa kuongea, saa mbili ya Luganda na yetu ni moja, ila simu inaonyesha 8:00, kwa hiyo andika "saa mbili asubuhi (8:00)".

Ukimaliza soma kwa sauti, maana matangazo mengi yatasomwa msikitini, kanisani ama kwa spika, sentensi ikikukata pumzi ikate vipande viwili.

Usilibandike bado. Mpelekee mtu wa boda pale steji, na mama anayeuza nyanya, wasome. Usiwaulize "mmeelewa?" kwa sababu kwa heshima kila mtu atakwambia ndiyo, uliza "sasa wewe utafanya nini, na siku gani?" Wawili wakikosea pahali pamoja, mimi hiyo laini naitoa naandika upya hata kama mkubwa ameshaisaini.