Namna ya Kulisoma Bwawa la Kuzuia Mafuriko: Mwongozo kwa Mkazi wa Bonde la Nyando

Mkazi wa tambarare za Kano, katika Kaunti ya Kisumu nchini Kenya, anayeambiwa katika baraza la chifu kwamba bwawa litajengwa juu ya mto ili mafuriko yapungue anapaswa kuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: ndani ya bwawa hilo ni nafasi kiasi gani itakayoachwa tupu msimu wa mvua unapokaribia, na ni nani atakayehakikisha kwamba imebaki tupu? Bwawa lililojaa pomoni haliwezi kuupokea mto uliofurika, kwa maana maji yanayoingia hutoka vilevile upande wa pili. Maelekezo yanayofuata yamekusudiwa kumsaidia mtu asiye mhandisi kulichunguza bwawa lolote analoonyeshwa, awe Ahero, Muhoroni au Solai, na kutambua kama kweli ni la mafuriko au limepewa jina hilo tu.

Anza na historia ya maji yenyewe. Watembelee wazee na uwaulize maji yalifika wapi katika mvua za 1961, katika El Niño ya 1997 na 1998, na katika mafuriko ya 2020 na 2024. Usiridhike na jibu la kwamba yalikuwa mengi, bali omba uonyeshwe kizingiti, mti au ukuta, kisha upime kimo kutoka chini na kukiandika. Uliza pia yalikuja kwa namna gani, kwa sababu hapa kwetu kuna mafuriko ya aina mbili ambayo watu huyachanganya. Maji ya mto hushuka kutoka milima ya Nandi na Tinderet kwa saa chache, yakiwa mekundu kwa udongo, na huweza kuvamia boma usiku mmoja. Maji ya ziwa hupanda polepole kwa miezi na kukataa kuondoka, kama ilivyokuwa 2020, Ziwa Victoria lilipopanda hadi kiwango kilichoripotiwa kuwa cha juu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa hadi wakati huo. Bwawa lililo juu ya mto linaweza kuyapunguza makali ya aina ya kwanza. Anayeishi kandokando ya ziwa, ambaye shida yake ni ya aina ya pili, asiahidiwe kwamba bwawa la milimani litamwokoa.

Baada ya hapo, uliza lengo la bwawa. Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua uko mbali sana nasi, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako mji wa Dayton ulizama mwezi Machi 1913. Wenyeji walijenga mabwawa matano, yaliyokamilika 1922, ambayo kwa siku za kawaida hayana maji ya kuhifadhi: mto hupita chini ya tuta kupitia matundu yasiyo na milango, na ardhi iliyo nyuma ya tuta huweza kulimwa. Mvua kubwa inapokuja, matundu hayo hupitisha kiasi ambacho mto wa chini unaweza kukimeza, na yaliyosalia hungoja zamu yake nyuma ya tuta. Ni kama mtungi uliotobolewa kitako: hata ukimwagiwa ndoo nzima kwa mkupuo, maji hutoka kwa kipimo cha tundu. Bwawa la namna hiyo huyachelewesha maji, na kuchelewesha huko ndiko kunakookoa nyumba.

Mabwawa mengi yanayopendekezwa kwetu ni ya kazi nyingi. Mradi wa Koru-Soin, mpakani mwa Kaunti za Kisumu na Kericho, umekusudiwa kutoa maji ya matumizi na papo hapo kupunguza mafuriko ya Kano. Kazi hizo mbili huvutana, kwani msimamizi wa maji ya bomba hutamani bwawa lijae kabla ya kiangazi, ilhali aliye Ahero, chini ya mto, hutamani liwe na nafasi kabla ya masika. Mvutano huo huweza kutatuliwa kwa kanuni zilizoandikwa, zinazotaja kiwango ambacho maji hayapaswi kukipita katika miezi fulani. Omba kuziona kanuni hizo. Zisipokuwapo, lengo la kuzuia mafuriko limebaki maneno.

Sasa chukua kalamu, kwa maana hesabu hii haihitaji zaidi ya darasa la saba. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Ikiwa kijito chenu kinakusanya maji kutoka kilomita za mraba 10, na mvua ya milimita 50 ikanyesha kwa siku moja, kisha nusu yake ikatiririka juu ya ardhi, mtapokea mita za ujazo 250,000. Pima kisha lambo la kijiji: zidisha kina chake penye tuta kwa upana wa maji penye tuta na kwa urefu wa maji kuelekea juu ya kijito, ugawe kwa 6. Lambo lenye kina cha mita 4, upana wa mita 80 na urefu wa mita 150 hubeba takriban mita za ujazo 8,000. Hata likiwa tupu kabisa, litajaa kabla kijito hakijaanza kufoka. Lambo hilo lina faida yake kwa ng'ombe na mboga, lakini mwanasiasa anayeliita kinga ya mafuriko anapaswa kuonyeshwa hesabu hii hadharani. Kumbuka pia kwamba mito yetu hubeba udongo mwingi, na kila msimu mashapo hula sehemu ya nafasi iliyohesabiwa siku ya uzinduzi. Kwa hiyo pima kina upya kila kiangazi.

Hatua inayohitaji muda zaidi ni kulitembelea tuta. Itafute kwanza njia ya kumwagia maji ya ziada, ambayo kwa kawaida iko ubavuni, chini kidogo ya kilele cha tuta. Tuta la udongo haliruhusiwi kamwe kupitiwa na maji juu yake, kwa kuwa maji hayo huuchimba udongo hadi tuta zima likatike. Iangalie njia hiyo kama imezibwa na magugu, uzio, au magunia ya mchanga yaliyowekwa na mtu anayetaka maji zaidi ya kumwagilia. Kwenye mto juu ya mji wa Johnstown, Marekani, tarehe 31 Mei 1889, bwawa ambalo njia yake ya kumwagia maji ilikuwa imewekewa vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke lilipasuka, na zaidi ya watu 2,200 wakafa. Samaki hao walikuwa wa klabu ya matajiri.

Kisha tembea chini ya tuta, upande usio na maji. Unyevu kidogo unaotoka ukiwa safi huhitaji kufuatiliwa. Maji yanayotoka yakiwa na tope ni hatari ya siku hiyohiyo, kwa sababu tope hilo ni tuta lenyewe linalosafirishwa kutoka ndani. Angalia vichuguu, mashimo ya wanyama, miti mikubwa ambayo mizizi yake ikioza huacha mifereji, na nyufa zinazoandamana na urefu wa tuta.

Usidhani kwamba ukaguzi huu unahusu tu kile kinachoitwa bwawa. Solai, katika Kaunti ya Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba lilivunja kingo zake na kuua zaidi ya watu 40. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu katika kaunti hiyohiyo, habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya kalvati, yaani tundu la kupitishia maji chini ya tuta, kuzibwa. Barabara au reli yoyote inayokatiza bonde kwa tuta hugeuka bwawa siku kalvati yake inapoziba, tena bwawa lisilo na njia ya kumwagia maji. Ziweke kalvati hizo katika orodha yako.

Ukiona tope likitoka, au maji yakikaribia kilele, waarifu kwanza wanaoishi chini ya tuta, kisha chifu, kisha ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo chini ya Sheria ya Maji ya 2016 ndiyo inayosimamia vibali vya mabwawa. Kwa dosari zisizo za dharura, andika barua yenye tarehe, uambatishe picha zilizopigwa kutoka mahali palepale kila mwezi, mpini wa jembe ukiwa umesimamishwa kando ya ufa ili ukubwa wake uonekane, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.