Somo: Kupiga chumba chenye dirisha bila dirisha kuungua

Wiki hii nimeulizwa tena na tena kwa nini dirisha linatoka jeupe pe na pembe za chumba nyeusi tititi. Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Jicho lako linaona bahari nje na boriti za dari ndani kwa pamoja. Kamera haiwezi kwa picha moja. Basi tunapiga kadhaa zenye mwanga tofauti, kisha tunaziunganisha. Mimi hupiga sana nyumba za mawe za Lamu: kuta nene za matumbawe, madirisha madogo, vidaka (vishubaka vya ukutani) vya chokaa. Ukiweza pale, utaweza popote.

1. Stendi ya miguu mitatu. Huna, ishia hapa.

2. Zima feni, funga mapazia yasipepee. Zima na kizuia mtikisiko cha lenzi.

3. Piga RAW (faili ghafi la kamera), si JPEG.

4. Modi ya M (kila kitu unaweka mwenyewe), f/8 (tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kudaka mwanga). Mizani ya rangi (white balance) chagua moja, usiache auto. Lenga fokasi mara moja, kisha hamishia MF (fokasi ya mkono).

5. HAKIKISHA ISO AUTO IMEZIMWA. Mimi nilivuka kwa boti kutoka Mokowe hadi Lamu, nikapiga vyumba vinne asubuhi nzima, nikarudi Mombasa nikijisifu. Kufungua kompyuta, picha zote tano za kila chumba zina mwanga uleule! Ukiwa kwenye M na ISO iko auto, ukipunguza kasi ya shata (pazia linalopitisha mwanga) kamera inashusha ISO. Ukiongeza kasi, inapandisha. Tofauti pekee niliyopata ilikuwa chenga (punjepunje za ISO kubwa). Na kwenye kioo cha kamera niliona zinafanana, nikasema ni jua linanidanganya. Nauli ya kurudi nilijilipia. Kwa hiyo ukimaliza chumba, pitia picha zako kabla ya kukunja stendi: ya kwanza iwe karibu nyeusi, ya mwisho dirisha liwe limeungua kabisa. Zikifanana, umepiga bure.

6. Piga tano kwa saa ya kujipiga (self-timer) ya sekunde 2, ukibadilisha kasi ya shata tu: 1/250, 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1. Usiguse f. Ukibadilisha f, kina cha fokasi kinabadilika na picha hazitalala sawa.

7. Unganisha kwenye Lightroom Classic (programu ya kuhariri picha): chagua zote, Ctrl+H. Huna hela? Programu ya Hugin ni ya bure na inakuja na enfuse, inayounganisha picha.

8. Usikoroge rangi mpaka ukuta wa chokaa uonekane umepigwa radi.

MASWALI

– Kaka, f ngapi?
– Hatua ya 4.

– Nimefuata yote, zangu zinatoka sawa zote.
– Hujafuata yote. Soma ya 5, polepole safari hii.

– Haya mambo ya kizamani. Flashi moja inatosha.
– Flashi sijaikataa, ninayo. Lakini ukiipiga usoni kwenye kidaka, vivuli vinakufa, na kivuli ndicho kinachoonyesha nakshi. Weka picha yako hapa tuione.

– Mwalimu, samahani. Ya 1/250 ina mistari ya giza ukutani, ya sekunde 1 haina. Taa za LED zilikuwa zinawaka. Kamera imeharibika?
– Kamera yako nzima, na umeangalia vizuri. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo balbu rahisi za LED hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Shata ya haraka inadaka kipande tu cha mzunguko huo. Sekunde 1 inameza mizunguko yote. Zima taa, mistari itaondoka, na ule umanjano wa balbu kugombana na ubuluu wa dirishani utaondoka pia. Mteja akitaka taa ziwake, ngoja karibu na magharibi. Nje mwanga umeshuka, unakaribiana na wa ndani, hata picha tatu zinatosha.

– Kuzima feni Mombasa mwezi wa pili, mwenye nyumba atakufukuza!
– Mwombe dakika mbili tu. Lakini panga stendi kwanza ndipo uzime, usizime halafu uanze kutafuta betri.

– Na kioo cha ukutani? Najiona na stendi yangu.
– Sogea pembeni. Ikishindikana, weka saa ya sekunde 10, washa mfululizo wa picha tano zenye mwanga tofauti (bracketing), toka chumbani. Stendi utaifuta baadaye kwenye kompyuta. Wewe mwenye kanzu nyeupe kazi kukufuta.