Jinsi ya kukagua nyumbani miguu ya mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo

Wiki iliyopita nilimaliza kuifundisha familia moja ya Kibosho kumtunza kijana wao aliyeanguka mtini akikata majani ya ng'ombe. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Moshi, na kuna jambo ambalo familia nyingi hazielezwi vizuri siku ya ruhusa. Aliyepoteza hisia miguuni hasikii maumivu bonge la damu linapoziba mshipa. Atakula, ataongea na wageni, huku hatari inakua chini ya shuka.

Hatua ya 1: Andika tarehe ya ajali. Miezi 3 ya kwanza ndiyo mibaya zaidi, hasa wiki za mwanzo. Misuli iliyolala haisukumi damu kurudi moyoni, kwa hiyo damu inatuama. Baadaye hatari hupungua, ila hurudi akifanyiwa upasuaji au akiugua na kulazwa.

Hatua ya 2: Sindano isirukwe. Wengi huandikiwa sindano ya kuzuia damu kuganda kwa wiki 8 au zaidi. Usiikatishe kwa sababu "anaendelea vizuri". Usimpe diklofenaki wala aspirini bila kumwuliza daktari, anaweza kuvuja damu.

Hatua ya 3: Pima vigimbi kila asubuhi. Hapa tuliwahi kupoteza siku nzima. Kwenye nyumba moja mama alipima Jumatatu akapata sentimita 33. Jumanne akapima mdogo wa mgonjwa, kiganja kizima chini zaidi, naye akapata 33. Wote tukatulia. Mchana mama akaniita: "Mwanangu, hebu njoo uone, mbona mguu huu unang'aa?" Nilipopima miguu yote miwili mahali pamoja, wa kushoto ulikuwa 33, wa kulia 36 na nusu. Altrasaundi ikaonyesha bonge kwenye mshipa wa paja.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini kidogo ya goti. Shuka sentimita 10, chora alama kwa maka peni, miguu yote miwili. Alama ikianza kufifia kwa kuogeshwa, ichore upya kabla haijapotea kabisa, la sivyo utaanza kubahatisha. Pima akiwa bado amelala, kabla hajakaa kwenye kiti mwendo, kwa sababu mguu ulioning'inia huvimba wenyewe. Futi kamba iguse ngozi bila kubana. Mimi nataka ile ya fundi cherehani, mpya, na iwe ya mgonjwa peke yake. Iliyochoka huvutika na kukudanganya. Kukadiria kwa macho sikukubali hata kidogo. Mpimaji awe mmoja, na namba ziandikwe daftarini palepale.

Tofauti ya sentimita 3 au zaidi kati ya miguu ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile ukigusa kwa mgongo wa mkono na kuona mguu mmoja una joto kuliko mwenzake, au umebadilika rangi. Na mkumbuke: bonge linaweza kuwepo bila uvimbe, na linaweza kuwa miguu yote miwili, kwa hiyo namba zilizolingana zisiwapumbaze.

Hatua ya 4: Mazoezi na soksi. Kumkunja na kumnyoosha miguu kunalinda viungo, lakini hakuchukui nafasi ya sindano. Soksi za kubana mvue kila siku muangalie visigino. Bandeji za kuzungushia siziruhusu nyumbani, hubana sehemu moja na yeye hasikii.

Hatua ya 5: Mguu ukivimba, usiuchue. Najua mafuta ya kuchua yako kila nyumba, na bibi atakuwa ameshakunja mikono ya gauni. Mzuieni kwa upole. Bonge likichomoka hukimbilia mapafuni. Mazoezi ya mguu huo nayo yasimame hadi apimwe.

Akianza kuhema ghafla, kifua kuuma, mapigo kwenda mbio, kukohoa damu au kuzimia, msisubiri asubuhi. Kodini gari usiku huohuo mwende hospitali, KCMC kwa wa Moshi, Mount Meru kwa wa Arusha mjini. Mkifika mapokezi semeni: "Ameumia uti wa mgongo, hasikii miguu, tunaogopa bonge la damu limefika mapafuni." Kisha toeni daftari.