Stelingi anakufa: jinsi ya kuangalia muvi za ujambazi za Marekani za 1967 mpaka 1975

Tuliokulia vibanda vya video sheria tulikuwa nayo moja tu, stelingi hafi. Sasa siku ya kwanza naangalia Bonnie and Clyde nikakuta mastelingi wawili, wote majambazi wa benki, halafu wote wanamiminiwa risasi na muvi inakatika hapohapo, hakuna hata neno la kwaheri. Nikadhani faili limeharibika. Kumbe ndo mwisho wenyewe, na ndo mahali pazuri pa kuanzia kama unataka kujua muvi za ujambazi za Wamarekani zilibadilikaje.

Kwanza kabisa tafuta kopi yenye sauti yake ya asili, weka sabtaito ukihitaji. Zile zilizotafsiriwa na madj nazipenda sana ila kwa hii kazi hazifai, dj anaongea juu ya kila kitu na nusu ya utamu wa muvi hizi uko kwenye kelele za mtaani.

Pili, kabla hujabonyeza play jua hali ya nchi ilikuwaje. Kuanzia 1934 Hollywood walikuwa na kanuni zao kali, mhalifu lazima alipie na damu isionekane ovyo, mtu akipigwa risasi mara nyingi unaona bunduki, picha inakatwa, ndo unaona mtu anaanguka kistaarabu kama kalala. Halafu ikaja miaka ya 60, vita ya Vietnam inaoneshwa kwenye tv sebuleni watu wanakula, Julai 1967 mji wa Detroit unaungua kwa ghasia na watu 43 wanakufa, na Agosti hiyohiyo ndo Bonnie and Clyde inaingia kumbi za New York. Kijana aliyeona maiti halisi kwenye taarifa ya habari utamdanganya vipi na mtu wa kuanguka kistaarabu? Zile kanuni zilikuwa zimeshachoka, Novemba 1968 zikatupwa na kuletwa madaraja ya umri.

Sasa angalia ile sini ya mwisho mara tatu, hicho kipande cha risasi hakifiki hata dakika moja. Mara ya kwanza angalia tu. Mara ya pili zima sauti uhesabu picha zinavyokatwa: ndege wanaruka toka kichakani, Clyde anageuka, Bonnie anamwangalia, vipande vifupi vifupi, halafu moto. Mara ya tatu angalia mwendo, miili inadondoka taratibu halafu ghafla kwa kasi, kwa sababu mwongozaji Arthur Penn alitega kamera kadhaa kwa pamoja, kila moja na spidi yake, na mhariri Dede Allen akazishona. Huyu mama mshike jina, tutarudi kwake.

Ukimaliza nenda The French Connection ya 1971. Hapa usihangaike na stori ya madawa, kodolea kamera. William Friedkin alitokea kwenye dokumentari, kwahiyo kamera iko mkononi, inatetemeka, inachelewa kumpata anayeongea, kama vile mpiga picha naye hajui kitatokea nini. Ile mbio ya gari chini ya reli ya juu pale Brooklyn haina muziki hata kidogo, ni matairi, honi na vyuma, na kuna mgongano mmoja haukupangwa, mkazi wa pale alikuwa anajiendea zake wakagongana kweli, wakauacha ndani ya muvi. Na stelingi mwenyewe, ambaye ni askari, je? Mbaguzi, ana hasira, mwishoni anamuua askari mwenzake kimakosa na adui mkubwa anaponyoka. Miaka ile New York yenyewe polisi wala rushwa walikuwa wanaanikwa hadharani, ungeleta askari malaika watu wangekucheka.

The Godfather ya 1972 wengi mshaiona, kwahiyo nenda dakika tatu za kwanza tu. Mzee mmoja mwenye kampuni ya mazishi anaomba haki maana hakimu kawaachia vijana waliompiga binti yake, na lenzi inarudi nyuma pole pole mpaka unaona bega la anayeombwa. Mahakama imeshindwa, mtu kaenda kwa don, yaani bosi wa mafia. Halafu cheki taa, mpiga picha Gordon Willis kaziweka juu ya kichwa, macho ya Marlon Brando anayecheza huyo don yamezama gizani huwezi kusoma anawaza nini. Kama simu yako ina mwangaza mdogo hutaona kitu, ongeza, ila usilaumu kopi, giza ni la makusudi.

Malizia na Dog Day Afternoon, 1975, na hapa ndo Dede Allen anarudi kuhariri. Ni wizi wa benki uliotokea kweli Brooklyn 1972. Kuna pale mwizi anatoka nje, polisi wamejaa, anaanza kupiga kelele "Attica! Attica!" na umati unamshangilia yeye. Ukiwa hujui Attica ni nini sini inakupita, ni gereza la New York ambako wafungwa waliasi Septemba 1971, serikali ikaingia na bunduki, mpaka yanaisha watu 43 wamekufa. Yaani mtaa mzima unamwona jambazi ndo mwenzao.

Ukitoa wimbo wa mwanzo, muvi haina muziki wa kukuambia ulie wapi. Vaa hedifoni, subiri mpaka uwanja wa ndege mwishoni, sikiliza injini za ndege zinavyomeza kila kitu wakati stelingi kabanwa kwenye gari na pingu mkononi, na usizime mpaka majina yaishe.