SOMO: Gari likikufia mbali na nyumbani, namna ya kuachana nalo bila kulia mara mbili

Wakuu, somo hili nimelilipia mwenyewe. Gari liliwahi kuniachia safari ya siku nzima kutoka kwangu. Injini ilinoki, tukalisukuma hadi yadi ya karibu, nikapanda basi nikiaga kwamba narudi baada ya wiki mbili. Nikarudi baada ya miezi minne. Betri hakuna, redio hakuna, masega ya ekzosi (kile kichujio cha moshi chini ya gari) yamekatwa kwa grainda, na mwenye yadi kaniwekea bili ya maegesho inayozidi pesa ambayo mtu wa skrepa alikuwa tayari kunipa. Ndiyo maana nasisitiza haraka. Gari bovu lililo mbali huliwa kila siku unayosita.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli limekufa

Usimwamini fundi wa kwanza aliyeinamia boneti. Gari linalogoma kuwaka linaweza kuwa na terminali ya betri iliyolegea, fyuzi iliyoungua, relei ya pampu ya mafuta au sensa ya krenki, vitu vya kumalizwa siku hiyohiyo. Mwambie achomeke mashine ya kusomea kompyuta ya gari, na zile namba za hitilafu zitakazotokea uzipige picha.

Dalili za msiba wenyewe ni hizi. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta oili imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi imepasuka. Mkanda wa taiming ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Taa ya oili ikiwaka huku chini kunagonga kama nyundo, beringi za krenki zimekwenda.

Sharti moja: injini isifunguliwe kabla hujaamua. Ikishafunguliwa na kupangwa kwenye ndoo, mnunuzi anaihesabu kama chuma.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Weka pamoja gharama ya matengenezo, siku zako za kulala ugenini na maegesho. Kipimo changu: jumla ikivuka nusu ya bei ya gari hilo likiwa zima, siendelei. Kuhusu kulivuta hadi nyumbani, muulize mwenye gari la kuvuta kama bei yake ni pamoja na safari ya kurudi tupu, maana wengi huanza kukuambia njiani. Kama ni otomatiki, usikubali livutwe kwa kamba mwendo mrefu magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Injini ikiwa imezima, pampu ya gia boksi haisukumi oili, na utafika nyumbani na ubovu wa pili. Lipandishwe mgongoni mwa gari la kuvuta.

Hatua ya 3: Chagua wa kumuuzia

Mnunuzi bora ni mwenye gari la aina yako ambaye bodi yake imepondeka na injini ni nzima, au kinyume chake. Anayefuata ni muuza spea. Skrepa ni wa mwisho, ila ndiye anayekuja leo.

Skrepa hununua kwa uzito, basi usiende kichwa kitupu. Uzito mtupu wa gari mara nyingi umeandikwa kwenye karatasi zake. Gari dogo la kawaida huwa kati ya tani 1 na tani 1.5. Zidisha kwa bei ya kilo, tayari unajua unapoanzia. Kisha toa kwenye hesabu hiyo vitu visivyostahili bei ya chuma: betri, rimu za alumini, matairi yenye kashata (meno yake hayajalika), na hasa masega. Mule ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na mnunuzi anajua hata asipokutajia.

Hatua ya 4: Karatasi

Hapa ndipo watu huumia miaka miwili baadaye. Andikeni mkataba wenye majina, vitambulisho, namba ya chesisi, namba ya injini, na maneno "limeuzwa likiwa bovu kama lilivyo". Andikeni tarehe na saa. Kitakachotendwa na gari hilo baada ya saa hiyo kiwe juu ya mnunuzi. Namba ya chesisi isome kwenye chuma chenyewe. Kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17, lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi, kwa hiyo usidhani imefutwa. Kadi halisi ya gari haitoki mkononi kabla ya pesa.

Ukimaliza, peleka taarifa kwenye mamlaka ya usajili: jina libadilishwe, au gari lifutwe kabisa kama linakwenda kukatwa.

Hatua ya 5: Toa vyako

Rimoti ya geti, hati chini ya kiti, jeki. Futa pia simu zilizounganishwa kwenye redio na anwani ya nyumbani iliyohifadhiwa kwenye ramani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, gari lina mkopo wa benki. Naweza kuuza skrepa?
Jibu: Hapana, ndugu. Mpaka benki iondoe jina lake, gari si lako peke yako. Wapigie kwanza, uwape ripoti ya fundi.

Swali: Langu limefia nchi jirani, niliingia kwa kibali cha muda. Nikiliacha tu?
Jibu: Dada, usithubutu. Kibali kikiisha, forodha watakudai ushuru. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1954 kuhusu magari binafsi yanayoingia kwa muda unataja njia tatu kwa gari lililoharibika vibaya kwa ajali: kulipia ushuru, kulikabidhi kwa serikali bila gharama kwake, au kuliharibu mbele ya maofisa kwa gharama yako. Nenda forodha kabla tarehe haijapita, na uulize kama wanazikubali kwa hali ya gari lako.

Swali: Ni haibridi. Fundi anataka kuitoa betri kubwa auze kivyake.
Jibu: Nyaya za rangi ya chungwa ni za volti za kuua. Kama hajasomea haibridi, asiguse. Betri hiyo ina soko lake, itafutie mnunuzi kabla ya skrepa.

Swali: Bima niikate siku ileile?
Jibu: Subiri hadi mnunuzi alichukue na mkataba usainiwe. Kisha waandikie uulize kama kuna marejesho ya miezi iliyobaki, mimi sikuuliza.