Jinsi ya kuchanganya mbinu za saikolojia kwa mteja mmoja bila kumvuruga

Wanaoanza kazi ya tiba ya maongezi wanauliza sana hili swali, nitumie CBT (tiba ya kubadili mawazo na tabia), au njia ya Rogers ya kumsikiliza mtu, au nianze na mambo ya utotoni kama akina Freud? Utatumia zaidi ya moja, wataalamu wengi tu wanafanya hivyo, ila ukichanganya ovyo anayeumia ni mteja. Kinachoamua mbinu ni shida aliyoileta na hatua aliyofikia, sio kozi uliyomaliza juzi.

Cha kwanza, kuwa na msingi mmoja unaoujua kweli kweli, nadharia moja unayoitumia kumwelewa mtu, halafu mbinu ndo unaazima kwingine. Mwanasaikolojia Arnold Lazarus alishalisema hili mwaka 1967, kwamba unaweza kuchukua mbinu ya wenzako bila kubeba nadharia yao nzima. Asiye na msingi anarukaruka tu, leo mazoezi ya kupumua kesho ndoto za usiku, na mteja anakaa pale hajui mnaelekea wapi.

Vikao vya mwanzo usikimbilie mbinu. Sikiliza, na umuulize moja kwa moja kama ana mawazo ya kujiua au kuna mtu anamdhuru, usiogope kuuliza, swali halimpandikizii mtu wazo hilo. Uliza pia kama ameshaonana na daktari maana tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo kwenda mbio na mahangaiko yanayofanana kabisa na wasiwasi. Kisha andika kwenye karatasi vitu vitatu: nini kilianzisha shida, nini kinaiendeleza, nini kinamsaidia asianguke kabisa. Hicho cha katikati ndo kitakachokuambia uanze na mbinu gani.

Tuchukue mfano wa kutunga. Dada mmoja moyo unamwenda mbio ghafla, kifua kinabana, anaona kabisa anakufa, vipimo vya moyo viko safi. Ameacha kupanda basi, ameacha mikutano. Alilelewa na baba mkali ambaye ukilalamika unanyamazishwa. Kilichoanzisha kinaweza kuwa huko kwa baba, lakini kinachoendeleza leo ni kukwepa, kila akikwepa anapata nafuu kidogo na hofu inakua, kwa hiyo unaanza na CBT. Unamchorea mzunguko wenyewe, mwili unashtuka, akili inasema nakufa, mwili unashtuka zaidi. Halafu mnajaribu hapo hapo ofisini, anapumua haraka haraka kama dakika moja, kizunguzungu kinakuja, vidole vinafanya ganzi, na anajionea mwenyewe kwamba zile dalili zinapanda na zinashuka bila kumuua (mwenye pumu, kifafa, shida ya moyo au mjamzito usimfanyishe hili). Baada ya hapo anaanza kurudi kwenye basi kidogo kidogo, kituo kimoja, viwili, vitatu.

Hapa kuna kosa la kuchanganya ambalo linafanyika sana. Unamfundisha kupumua taratibu ili atulie na hapo hapo unamtuma akaikabili hofu, basi anapumua njia nzima, anafika salama, na akilini anabaki na "nimepona kwa sababu nilipumua", badala ya kujionea kwamba zile dalili zenyewe hazimuui. Mbinu zote mbili ni nzuri ila hapo moja inaiua nyingine.

Sasa tuseme baada ya wiki kadhaa anaitikia sawa kwa kila zoezi unalompa na hafanyi hata moja. Ukizidi kumpa mazoezi unapoteza muda, hapo ndo unaazima kwenye saikolojia ya kina, ile ya akina Freud, unaangalia kinachotokea kati yenu wawili. Mwambie kwa upole, "Naona unanikubalia kila kitu, najiuliza kama kwangu nako ni vigumu kusema hapana." Akinyamaza mwache anyamaze. Mara nyingi baba anaingia kwenye mazungumzo hapo bila wewe kumtaja, na ukiona yuko tayari unaweza kutumia kiti kitupu cha Fritz Perls, anaongea na kiti kana kwamba baba amekaa pale, aseme kile alichokuwa hawezi kusema. Halafu mrudi kwenye vitendo, mfanye mazoezi ya kumkatalia bosi kazi ya ziada, maneno yenyewe, sauti yenyewe. Umetumia njia tatu ila zote zinajibu shida ile ile.

Kila unapobadilisha njia mwambie mteja na umwambie kwa nini. Mwanasaikolojia Edward Bordin mwaka 1979 alieleza kwamba ushirikiano wa tiba unasimama kwa kukubaliana malengo, kukubaliana kazi ya kufanya, na ule ukaribu wenyewe, ukibadilisha kazi kimya kimya umeshatikisa hayo yote.

Angalia pia utayari wake. Mtu ambaye hajaamua bado kuacha pombe ukimpa ratiba ya kuacha atakupotea, huyo anza na mahojiano ya kuamsha ari, ile njia ya William Miller ya 1983, umsaidie aongee mwenyewe sababu zake za kubadilika. Na aliyepitia trauma nzito, yaani tukio lililomuumiza sana moyoni, asichimbuliwe kabla hajajua namna ya kujituliza.

Kuhusu kupima, usitegemee hisia zako peke yake. Kwa sonona dodoso la PHQ-9 lina maswali 9 na alama 0 mpaka 27, rudia kila baada ya vikao vichache. Alama zisiposhuka usikimbilie kuongeza mbinu nyingine, anza kuuliza kama mteja anajisikia salama na wewe, kisha rudia ile karatasi yako, huenda kinachoendeleza shida ulikikosea. Bado hakuna kitu, mpeleke kwa daktari wa akili aangalie suala la dawa mkiwa mnaendelea na vikao. Na kila kikao kikiisha andika mstari mmoja, nimetumia nini, kwa sababu gani, kimeleta nini, huo ndo uende nao kwa msimamizi wako, na pale kwenye "kwa sababu gani" ukikosa cha kuandika iweke pembeni hiyo mbinu kwanza.