Somo: Kuseti besi ikae sawa na hewa ya Visiwani, shingo kwanza daraja baadaye

Assalaam aleikum wanachama. Somo hili ni la kuseti gitaa la besi la nyuzi 4, tokea kufunga uzi mpya hadi kuchomeka kwenye mikisa. Malalamiko yanayoletwa sana na wapiga besi wa Unguja na Pemba ni mawili: besi inakwaruza, au nyuzi ziko juu mno hadi vidole vinauma. Wengi hukimbilia kushusha au kupandisha daraja, na hapo ndipo kazi inapoharibika, maana mara nyingi tatizo liko shingoni. Mbao hunyonya unyevu na kuutoa. Besi iliyokuwa tamu wakati wa kaskazi inaweza kukwaruza masika yakishaingia, bila ya mtu kuigusa. Shingo ikihama, kila kipimo kingine kinahama nayo. Kwa hiyo utaratibu haubadiliki: nyuzi, shingo, kimo, intonesheni (noti kuwa sawa shingo nzima), pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi). Ukiruka hatua utalazimika kurudi.

Vifaa ni vichache. Fila geji, ile ile mafundi wa pikipiki wanayopimia vali. Rula ya chuma inayoonyesha nusu milimita. Bisibisi ya nyota. Tyuna: ya simu inafaa, ila uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukipigwa mtupu bila ya kubonyezwa una hezi 41 tu na simu nyingi husitasita hapo, kwa hiyo ya kubana kichwani ni bora. Mwisho ni alenki, ile spana ya umbo la L. Ya shingo mara nyingi huwa milimita 4 au 5, na ya viti vya nyuzi darajani ni milimita 1.5. Angalieni hapa: besi nyingi za Marekani hutumia vipimo vya inchi. Alenki ya milimita ikicheza hata kidogo ndani ya tundu, usizungushe. Itakula pembe, na nati ya shingo iliyolika ni kazi kubwa kwa fundi na gharama kubwa kwako.

Hatua ya 1: Nyuzi

Besi ya kawaida ina inchi 34 tokea kizingiti cha kichwani (kile kipande chenye mifereji ya kupitisha nyuzi) hadi darajani, yaani sentimita 86.4. Seti inayopatikana zaidi ni ya unene wa inchi .045 hadi .105. Amua mapema unene utakaoendelea nao, kwa sababu nyuzi 4 zikishakazwa huivuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, na seti nyembamba ina mvuto tofauti na seti nene. Ukibadilisha unene, umeshaianza kazi upya.

Badilisha uzi mmoja mmoja ili shingo isibaki bila mvuto. Uvute uzi upite kigingi chake kwa sentimita 10 hadi 12, uukunje kwa pembe kali, ndipo ukate. Ukikata kabla ya kukunja, baadhi ya aina za nyuzi hufumuka kwa ndani na uzi mpya unatoa sauti iliyokufa. Mizunguko 2 au 3 kwenye kigingi inatosha, kila mmoja ukikaa chini ya uliotangulia. Kisha ubonyeze uzi kwa kidole gumba mbele kidogo ya kiti chake darajani, ukae na kona badala ya kupinda kama tao. Wengi hawaifanyi hatua hii, na ndiyo inayofanya intonesheni ikatae kutulia. Tyuni E, A, D, G, vuta nyuzi kwa mkono, tyuni tena.

Hatua ya 2: Shingo

Shika besi kama unavyopiga. Usiilaze mezani, uzito wake unabadilisha kipimo. Funga kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni), na kama huna, mwenzako abonyeze. Wewe bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho. Uzi sasa umekuwa rula iliyonyooka. Pima nafasi iliyopo baina ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Kinachotakiwa ni milimita 0.30 hadi 0.40.

Ikizidi 0.5, shingo imepinda mno kwa mvuto wa nyuzi: kaza kile chuma cha ndani ya shingo kwa kuzungusha nati yake kulia. Ikiwa uzi umelala juu ya freti na fila geji haipiti, legeza kwa kuzungusha kushoto. Kulia na kushoto ni kwa mtu anayeitazama nati uso kwa uso, iwe iko kichwani au upande wa mwilini. Zungusha robo mzunguko tu. Kabla ya kukaza, legeza nyuzi kidogo. Ukimaliza tyuni, pima, na uiache hadi kesho upime tena, kwa sababu mbao haimalizi kusogea papo hapo. Nati ikigoma, simama. Chuma kikikatika ndani, shingo ndiyo imekwisha.

Hatua ya 3: Kimo cha nyuzi

Pima kwenye freti ya 17, tokea kichwa cha freti hadi chini ya uzi: E milimita 2.4, G milimita 2.0, A na D baina yake zikifuata mviringo wa ubao. Mwenye mkono mzito apandishe hadi 2.8 upande wa E. Si aibu. Nyuzi za chini sana hupendeza ukiwa peke yako chumbani, lakini ukumbini, dumbaki na kinanda vikishapamba moto, utapiga kwa nguvu na zitakwaruza.

Hatua ya 4: Intonesheni

Piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha freti bila ya kuubonyeza), kisha bonyeza freti hiyo hiyo bila ya kukandamiza sana. Noti ya kubonyeza ikiwa juu ya hamoniki, rudisha kiti cha uzi nyuma, kiende mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tyuni uzi mtupu kila ukisogeza, vinginevyo unapima uongo. Ukimaliza, kiti cha E ndicho kitakachokuwa nyuma kuliko vyote. Uzi ukikataa kabisa kusawazika, ni mkongwe. Usihangaike na daraja.

Hatua ya 5: Pikapu

Bonyeza freti ya mwisho, uache milimita 2.5 hadi 3 baina ya uzi na pikapu. Ikiwa karibu zaidi, sumaku inauvuta uzi na noti za juu za uzi wa E zinayumba, hata ukadhani umekosea intonesheni.

Kusoma mkwaruzo

Pahala inapokwaruza panakwambia kosa liko wapi. Freti ya 1 hadi ya 5: shingo imenyooka mno au imepinda kinyume, rudi hatua ya 2 ulegeze. Kuanzia ya 12 kwenda juu: nyuzi ziko chini, au upinde umezidi. Uzi mtupu peke yake: kizingiti kimelika. Noti moja tu, na freti inayoifuatia ikishabonyezwa mkwaruzo hausikiki tena: hiyo freti inayofuata imenyanyuka. Weka ukingo ulionyooka wa kadi ya benki juu ya freti 3 kwa pamoja. Ikibembea, ya katikati ndiyo ndefu. Dawa yake ni kuipigilia taratibu kwa nyundo ya mpira au kuisawazisha kwa fundi. Usipandishe nyuzi zote kwa ajili ya freti moja.

Na usisahau kusikiliza kwenye spika. Mkwaruzo unaousikia kwenye mbao lakini haupiti kwenye amplifaya hauna haja ya kukusumbua.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Wete: Ahsante kwa somo maalim. Besi yangu ni E mtupu tu inayokwaruza. Nikibonyeza freti yoyote iko safi. Mjini kwangu hakuna wa kunitengenezea kizingiti kipya. Nifanyeje?

Jibu: Hakikisha kwanza. Bonyeza E kwenye freti ya 3 utazame freti ya 1: panatakiwa papite mwanga mwembamba, kama milimita 0.2. Ikiwa uzi umegusa kabisa, mfereji umelika. Toa uzi, jaza mfereji magadi soda ya kupikia, dondosha tone moja la super glue. Inaganda hapo hapo na kuwa ngumu. Zungushia ubao na freti tepu ya karatasi kabla, gundi ikidondokea ubao haitoki. Kisha chonga mfereji upya kwa msasa mwembamba uliouzungushia kipande cha uzi wa zamani wa E, ukiuinamisha kuelekea vigingi ili uzi ukae kwenye ukingo wa mbele. Chonga kidogo, pima, chonga. Kizingiti cha mfupa ni bora, lakini hii itakufikisha mbali.

Mwanachama, Nungwi: Tunapiga hotelini usiku, ukumbi wa kiyoyozi, halafu tunahamia ufukweni. Nyuzi zinashika kutu haraka sana na tyuni haikai.

Jibu: Hayo ni mawili. Tyuni: besi iliyopoa ndani ya kiyoyozi ikitoka nje inapata umande juu ya chuma na mbao, na nyuzi zikipata joto hutanuka, sauti inashuka. Iache ndani ya mkoba uliofungwa robo saa hadi nusu saa kabla ya kuifungua nje. Kutu: jasho na chumvi ya bahari. Futa kila uzi, juu na chini, kwa kitambaa kikavu cha pamba kabla ya kuirudisha mkobani, na kitambaa hicho kisikae humo na unyevu wake. Nyuzi za chuma cha pua zinastahimili kuliko za nikeli ingawa zinakula freti zaidi. Zenye utando hudumu zaidi, bei yake ndiyo kubwa. Skrubu za viti vya daraja zitoe moja moja, zipake mafuta ya cherehani, futa, rudisha. Zikishashikana na kutu huwezi tena kuseti kimo.

Mwanachama, Nungwi: Na kuchemsha nyuzi je?

Jibu: Dakika 10 kwenye maji safi, zikauke kabisa, zitang'aa kwa siku chache. Uchafu unatoka, kutu haitoki. Kwa shughuli moja ya dharura sawa.

Mwanachama, Mjini Unguja: Nimeingia kikundi cha taarab, awali nilikuwa napiga bongo fleva. Nyimbo za rasti (moja ya maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu) besi yangu inagombana na fidla na udi. Nimetyuni sawa sawa, intonesheni iko sawa.

Jibu: Besi yako haina kosa, freti ndizo hazina noti hiyo. Rasti ikianzia C, sauti ya tatu inakaa baina ya E na E bemoli, na ya saba baina ya B na B bemoli. Freti haiwezi kuzitoa. Ukibonyeza E ya kawaida unamkata mwenye fidla. Kwa hiyo kwenye rasti jenga mwendo wako kwa C, F na G, na D kama ya kupitia. Ya tatu na ya saba waachie wenye udi, nai na fidla. Maqam ya bayati ikianzia D, ya kuihepa ni ya pili: piga D, F, G, A. Maqam za hijazi na nahawandi zinakaa ndani ya freti, tembea utakavyo. Ganuni yeye anazo mandali za kupandisha na kushusha robo sauti, kwa hiyo muulize mwenye ganuni kabla ya wimbo kuanza. Ndiyo maana dabalbesi isiyo na freti imekuwa na pahala pake kwenye vikundi vikongwe vya taarab. Besi isiyo na freti nayo inafaa, ila hiyo ina mazoezi yake ya sikio.

Kwa mdundo, msikilize mwenye dumbaki: pigo zito la katikati ya ngozi ndilo lako, makali ya ukingoni si yako. Noti zako zikilala juu ya hilo pigo zito, kikundi kizima kinatulia.

Mwanachama, Chake Chake: Mimi natoka kwenye kidumbak, ile taarab ndogo ya ngoma, napiga sanduku, yaani besi ya uzi mmoja iliyoundwa kwa sanduku la mbao. Nimeazimwa besi, lakini wenzangu wanasema sauti inazagaa, haina ule mpigo.

Jibu: Sauti ya sanduku inakufa upesi, ya besi inadumu. Inabidi uizime wewe. Weka kipande cha sponji, unene wa sentimita 2 hivi, chini ya nyuzi karibu na daraja, kiziguse kidogo tu. Punguza toni hadi nusu. Piga kwa gumba huku ubavu wa kiganja umelala darajani. Mkono wa kushoto ulegeze kidole mara noti ikishatoka, bila ya kukinyanyua kutoka kwenye uzi. Ukipata nyuzi bapa zisizo na mikwaruzo, hizo ndizo za karibu zaidi na sauti unayoitaka. Mkono wako wa mdundo unao tayari, huo usiubadilishe.

Mwanachama, Paje: Harusini tukitumia jenereta besi inavuma "mmm". Nikigusa nyuzi inapungua. Mwenzangu anasema tukate pini ya ethi kwenye plagi.

Jibu: Msikate. Pini hiyo ndiyo inayokukinga wewe mwenye chuma mikononi na mdomo kwenye maikrofoni. Kupungua ukigusa ni dalili kwamba waya wa ethi wa darajani ni mzima, na mvumo ni wa nje. Fanya hivi: besi yenye pikapu 2 za koili moja, fungua volyumu zote mbili sawa, mvumo mwingi unajifuta. Amplifaya na mikisa vichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Ingieni kwenye mikisa kupitia DI boksi (kisanduku cha kuunganisha besi na mikisa), na mvumo ukizidi, bonyeza swichi yake ya kukata ethi: hiyo inakata ethi ya njia ya sauti tu, ethi ya umeme inabaki. Sogea pia mbali na taa za mapambo. Ukiguswa na shoti hata ndogo kwenye maikrofoni, zimeni yote kwanza, mtafute fundi umeme apime ethi ya jenereta kabla ya wimbo unaofuata.